Mkalimani wa Talaka Yake

Kumwacha mume wa nchi nyingine si kama kuvua kiatu, jamani. Mwalimu wa lugha alidhani atakwenda mahakamani, aseme maji yamemfika shingoni, arudi akiwa huru. Wapi! Ndoa ilifungwa kwao mume, kwa hiyo cheti kilitakiwa kitafsiriwe na kugongwa muhuri wa ubalozi, ndipo kesi ifunguliwe. Ikafunguliwa. Likabaki moja: mume asikilizwe kwa lugha anayoielewa, na mkalimani wa lugha ile hapakuwa na mwingine ila mkewe.

Miaka yote hiyo mume hakujifunza hata kuomba chumvi. Ya nini, na mke yupo? Yeye alisema, mke akatafsiri, tena kwa sukari. Akiuliza, "Huyu bibi ataondoka lini?" mama wa mwalimu, aliyekuja kuwatembelea, aliambiwa, "Mkweo anakuomba uongeze siku." Mama akayeyuka. Binti alipotaja talaka, mama akawaka: "Umwache mtu mwema vile? Thubutu! Ukimwacha, kwangu usije." Siku ya kesi akaketi upande wa mkwe.

Kesi ilikuwa imeahirishwa mpaka mwalimu akachoka roho. Hakimu alipouliza tena habari za mkalimani, mume, wakili wake alipomwashiria, akamnyooshea mkewe kidole: huyu huyu. Hakimu akakuna kidevu. Akaridhia shingo upande, ila mwalimu aape, na kila neno lirekodiwe, ubalozi uhakiki. Mume akatabasamu. Mdomo ule haujawahi kumwangusha.

"Unapinga talaka. Kwa nini?" hakimu akauliza.

Mume akajibu huku ameegemea kiti. Maneno matamu yalimjia mwalimu ulimini kwa mazoea, akayazuia.

"Anasema: nikiachwa, kibali changu cha kuishi hapa kinakufa. Mwanamke mwenyewe simjali."

"Unampenda mkeo?"

Mume akapiga mwayo, akajibu.

"Anasema: waambie chochote, kama kawaida yako. Na mpake mafuta huyo kikongwe wako, alie kidogo, hakimu amwone."

Loo! Amemwaga mtama penye kuku wengi, na habari hana. Alishtuka tu alipomwona wakili wake ameshika kichwa.

Hakimu hakuhitaji zaidi, talaka ikatolewa, ikisubiri tu uhakiki wa ubalozi. Mwalimu alikuwa ameitamani siku ile kama mgonjwa anavyotamani kupona, na sasa hata kucheka hakuweza.

Nje alimkuta mama ameketi kwenye ngazi.

"Mama, twende nyumbani."

"Nilipolazwa," mama alisema bila kumtazama, "mkwe alisimama kitandani pangu akasema hana mama mwingine duniani ila mimi. Alisema, hakusema?"

"Hakusema, mama."

"Alisema nini?"

"Kwamba wodi inanuka."

Mama akafumba macho. Mwalimu akachutama mbele yake, akamshika magoti.

"Yale maneno yalikuwa yangu, mama. Yote. Mimi ndiye niliyeyasema."

"Yako?" Mama akaiondoa mikono ile magotini pake, akainuka. "Wewe? Tangu nikuzae hujawahi kuniambia neno zuri kwa mdomo wako mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Mwalimu akafungua mdomo aseme sasa, asikose hata moja, lakini mama alikwisha kushuka ngazi, na hakugeuka.