Albamu ya Wendell Haugen

Kile kiti nilikingoja miaka mine, kwa hiyo mutu asiniulize kwa nini nilidanganya. Miaka mine nilikaa kwenye benchi la barazani kwa Papa Télesphore, hapa Nguba, mugongo ukiniuma, nikisikiliza jazz kupitia dirishani. Sebule yake inaingiza viti vitano tu. Wenye viti wanaongea, wa benchi wananyamaza. Kila Jumapili saa nane, misa imeisha na watu wamekula, kila mwenye kiti anasimulia albamu aliyosikiliza juma lile, upande wa kwanza na upande wa pili, bila kuruka wimbo, na Chadia wa farmasi anaandika katika kaye, lile daftari letu. Asiyesikiliza kitu anarudi benchini na wa benchi anaingia. Na mutu akigundulika alisimulia albamu ambayo hakuisikia, basi benchi mwaka muzima.

Sheria hizo walizitunga wawili: Papa Télesphore, aliyekuwa fundi wa injini za mashua zinazokwenda kisiwani Idjwi, na Papa Aboubakar, mutu wa Uvira, muuza vitenge. Walijuana wakingali vijana, lori limekwama siku mbili kwenye matope ya Sange, mumoja ana redio, mwingine ana betri. Tangu siku hiyo hawajaachana. Idi inamukuta Télesphore mezani kwa Aboubakar, Noël inamukuta Aboubakar mezani kwa Télesphore. Hata muziki wetu ni wa nusu kwa nusu: phono ya kuzungusha sahani ni ya Télesphore, bafle mbili za kutoa sauti ni za Aboubakar.

Bon. Mimi ni Eulalie, mushonaji. Juma la watoto kurudi masomoni nilikuwa na uniforme sitini mikononi. Courant ya umeme ilikatika Jumatatu, ikarudi Jumamosi. Nilishona kwa mashine ya muguu, simu imezimika, na masikio yangu hayakupata kitu isipokuwa sindano. Jumapili nikaenda hivyo hivyo, mikono mitupu. Barazani alikuwa Charlène wa saluni, anayeingoja nafasi mwaka wa pili sasa, na anakitazama kiti changu namna mutu wa njaa anatazama sufuria ya jirani. Sisemi ninamuchukia. Ninamuchukia kidogo.

Zamu yangu ikafika, mudomo ukafunguka wenyewe. Jina la Wendell Haugen nililiona kwenye kola ya koti la balo, la mitumba, nililokuwa ninapunguza mikono, limeshonwa kwa uzi mwekundu. Nikasema ni mupiga trompeti. Nikasema albamu inaitwa Mardi sans pluie, Jumanne bila mvua, ni ya polepole, na upande wa pili unaushinda wa kwanza. Hilo la upande wa pili ukilisema kwa watu wa jazz hakuna anayebisha. Nikakaa, nikingoja mutu aulize nimeitoa wapi.

Papa Télesphore alifumba macho, akatikisa kichwa taratibu. "Haugen," akasema. "Siku mingi sijasikia mutu anamutaja."

Kumbe huo ulikuwa mwanzo tu. Jumapili iliyofuata akaisimulia mwenyewe, ati ameikuta kwenye kaseti zake za zamani. Mugisho, mwalimu wa hesabu, ambaye hajawahi kuwa na wazo kabla ya kusikia la mwenzake, akasema juma lake lote lilikuwa la Haugen. Chadia akaandika hao wawili, akafikiri, akaongeza jina lake. Na Papa Aboubakar, kwa sababu hawezi kukubali Télesphore ajue kitu asichokijua, akasema yeye albamu ile anayo tangu Uvira, kabla hajaoa.

Nilikasirika vibaya. Watu wazima, wenye wajukuu, wananitazama machoni na kunidanganya juu ya uongo wangu mimi. Na siwezi kusema kitu. Nikifungua mudomo, kiti kimekwenda.

Kisha wazee wakagombana. Télesphore alisema kwenye upande wa pili trompeti inachelewa kuingia, maana Haugen alikuwa amekwisha kuzeeka, pumzi fupi. Aboubakar akaweka kikombe chini. Akasema Haugen hachelewi, anangoja, na mutu asiyesikia tofauti ya kuchelewa na kungoja amekaa sana karibu na injini. Télesphore akajibu kwamba mutu anayepima vitambaa kwa mukono kutoka asubuhi hadi jioni hawezi kumufundisha habari za kupima wakati. Wakaendelea, wakafika hata kwenye pilau ya nani iko na chumvi ya kuzidi. Mwisho Aboubakar alisimama, akachomoa nyaya za bafle zake moja moja, akazibeba kuteremka njia, moja kila kwapa, akikataa musaada, na muzee mwenyewe ana magonjwa ya magoti.

Jumapili mbili tulikaa bila sauti. Phono inazunguka, sindano inalia kidogo kama panya kwenye dari, na sisi wanne tunaitazama. Jumapili ya pili Télesphore alituambia labda inatosha, mutu akizeeka apumzike, tutafunga mambo haya. Alisema akiangalia ziwa, si sisi. Na Maman Nafisa, muke wa Aboubakar, akaniambia sokoni kwamba muzee wake hali vizuri, anakaa tu mbele ya zile bafle zimenyamaza.

Hiyo iliniuma kweli. Urafiki wa maisha mazima unakufa kwa ajili ya kola ya koti. Usiku huo nilikipigia hesabu kile kiti, miaka mine ya benchi, nikalia. Kisha nikanawa uso. Alhamisi nikapita dukani kwa Aboubakar, nikamuomba aje mara moja tu, asikatae, mimi dada yake ninamuomba.

Akaja. Bila bafle, bila salamu kwa Télesphore, akakaa anaangalia ukuta. Nikasimama kabla Chadia hajafungua kaye.

"Wazee wangu, munisamehe. Haugen haiko. Hakuna mutu wa jina hilo, hakuna albamu. Niliitunga mimi, hapa hapa, kwa sababu sikusikiliza kitu na niliogopa kupoteza kiti. Munagombania kitu kisichokuwako."

Nilingoja wacheke, au wanitukane. Kisha kichwa cha Charlène kikaingia dirishani, sauti tamu kama ya mutu anayeuliza habari za wagonjwa.

"Kwa hiyo viti vyote vitano viko wazi?"

Chadia alirudisha kurasa za kaye. Niliona uso wake unabadilika kadiri anavyosoma. Télesphore, albamu nzima, mara mbili. Mugisho, albamu nzima. Aboubakar, albamu nzima. Na yeye mwenyewe Chadia, kwa mukono wake, na alama ya mustari chini. Kama Haugen haiko, wote hao wamesimulia wasichokisikia, na sheria iko wazi, mwaka muzima. Nyuma ya Charlène, wenzake wa benchi walikuwa wamekwisha kusimama.

Papa Télesphore akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumutazama rafiki yake tangu wagombane.

"Papa Abou. Wewe uliisikia?"

"Niliisikia," akasema Aboubakar. "Na wewe?"

"Mara mbili."

Mugisho akasema na yeye. Wakapiga kura. Mikono mine juu: Haugen yuko, albamu iko. Na kwa kuwa mutu mumoja tu ndani ya sebule amekiri kwa kinywa chake kwamba hakuisikia, mutu huyo atoke. Charlène alikuwa amekwisha kukaa kabla sijamaliza kuchukua sakoshi yangu.

Basi nikarudi benchini, hasira zimenijaa. Nimewaokoa, wananifukuza. Wazee wawili wakateremka pamoja kwenda kuleta bafle, wakarudi wakihema, kila mumoja amebeba moja, wakicheka kitu ambacho hawakutuambia. Wakaanza kufunga nyaya. Na hapo wakanihurumia, ati Maman Eulalie amekosa kitu kikubwa maishani, afadhali tumuonjeshe. Télesphore akapiga trompeti kwa midomo. Aboubakar akapiga ngoma kwa vidole juu ya bafle.

Nitasema kweli: ilikuwa nzuri. Ilikwenda polepole, ya mutu anayerudi kwake na hana haraka. Nilisahau hasira. Nilisahau hata Charlène. Wakaingia upande wa pili, na Aboubakar, ili trompeti ipite, akasimamisha mukono, kimya kabisa.

Nilishindwa kuvumilia. Nikasema kupitia dirishani, "Hapana, papa. Ngoma hainyamazi pale. Inapungua tu."

Wote wakanigeukia. Kalamu ya Chadia ikabaki hewani.

"Maman Eulalie," Télesphore akasema pole pole, "mutu ambaye hakuisikia, hiyo anaijuaje?"

Aboubakar alikirudia kile kipande, safari hii bila kusimamisha mukono, akasikiliza, akakubali kwa kichwa. Charlène akanyanyuka mwenyewe kwenye kile kiti.