Mkono wa Cleophus

Asubuhi moja ya Januari, baridi ikitafuna masikio, Verlon Tate alizima injini ya boti juu ya pale palipokuwa na makaburi ya kanisa, akatundika kidagaa hai kwenye ndoana, kisha akammiminia mama yake kahawa. Bi Ozella alikaa benchi la mbele, kajifunga blanketi hadi puani.

Krismasi ikipita, wavuvi wa huku Alabama huufunga mti wa sikukuu kwenye matofali na kuuzamisha ziwani, ili samaki wa krapi wapate pa kujibanza. Verlon aliuzamisha wa kwao juu ya kaburi la baba yake, Cleophus. Lilipojengwa bwawa lililoleta maji haya, wakubwa waliahidi kuyahamishia makaburi kilimani. Wakahamisha mawe yenye majina tu.

Mkono ulitoka majini, ndani ya shati la kuzikiwa. Ukaweka botini krapi mpana kama sinia, ukamgusa Bi Ozella goti, ukarudi chini.

"Wewe Verlon," Dewitt akapaza sauti kutoka boti ya jirani, "unavuliwa samaki na marehemu, halafu jioni unatutambia!"

"Baba yako mzima, na bado unarudi na ndoo tupu."

"Mkono wake wa baridi," Bi Ozella akasema.

"Januari hii, Mama."

"Hata Julai ulikuwa hivyohivyo. Nikifa, mnilaze naye."

Mlinzi wa ziwa akasogeza boti yake. Mkono ukatoka tena na krapi wa pili. Mlinzi akautazama.

"Huyu ana leseni?"

"Ni mume wangu," akasema Bi Ozella.

"Mumeo yuko kilimani, mama. Jiwe lake nalifyekea majani mwenyewe."

"Umesema vyema. Jiwe."

"Basi huyu ni mtu mwingine, na hana leseni."

Akaandika faini, akaukabidhi mkono. Mkono ukaipokea kwa adabu, ukazama nayo.

"Nami nataka kuzikwa hapahapa," Bi Ozella akamwambia mlinzi.

"Hapa si makaburini, mama. Hapa ni pa kuvulia."

Bi Ozella alifariki miti ilipoanza kuchanua. Verlon aliomba kibali, akanyimwa. Wakamchimbia kilimani, ubavuni mwa jiwe ambalo chini yake hapakuwa na mtu. Wali na kuku viliwatosha wageni wote. Dewitt alikula mara mbili.

Januari ikarudi. Verlon akazima injini palepale, akamimina kahawa, vikombe viwili kwa mazoea. Mkono ukatoka, ukaweka krapi, ukanyoosha vidole kwenye benchi la mbele. Ukapapasa ubao. Ukapapasa blanketi lililokunjwa. Ukakawia.

"Wamemweka kilimani, Baba," Verlon akasema. "Wanakosema uko."

Mkono ukazama.

Krapi yule alikuwa mkubwa kuliko wote wa msimu ule. Verlon akanywa kahawa ya kikombe cha pili, akatundika kidagaa kingine.