Nafua Nyeupe, Nakunjiwa Manjano

Jumatatu asubuhi dobi alipasi shati la mwalimu wa hesabu. Alianza na kola kama kawaida yake, akashuka mabegani, akamalizia mikono. Alipolitundika lilikuwa manjano. Halikuungua. Lilikuwa manjano tu kama kiini cha yai, na mgongoni palikuwa na alama ya kiganja iliyokolea zaidi.

"Wifi," aliita. "Leo tena hukusuuza."

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa uani, mikono ndani ya beseni hadi viwiko. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yao iligawanyika hivyo: wifi anafua na kuanika, dobi anapasi na kukunja. Wifi alikuja akalitazama shati. Kisha akayatazama macho ya dobi, ambayo wiki ile nayo yalikuwa na rangi hiyohiyo.

"Nimesuuza maji matatu," alisema. "Kwenye kamba lilikuwa jeupe, hata kunguru aliona haya kutua karibu."

"Kunguru si mteja wetu."

Dobi alikuwa na mengine ambayo hakuyasema. Akila kitu cha mafuta, maumivu yalimkamata chini ya mbavu za kulia yakapanda hadi begani. Mwili ulimwasha kutwa. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi, na choo kilikuwa cheupe kama chokaa. Aliona kuwa weupe wa mashati umehamia huko, na hilo si jambo la kumwambia mtu.

Kufika Ijumaa walikuwa wameharibu mashati tisa na gauni la bibi harusi. Wateja walisimama mlangoni na nguo zao mikononi. Lazima awepo mwenye kosa, na aliyekuwa ndani ya sabuni alikuwa mmoja. Dobi akamwambia mumewe, fundi baiskeli, kwamba dada yake aende.

Fundi alilizungusha gurudumu alilokuwa akilinyoosha, akalitazama mpaka likasimama lenyewe.

"Dada ndiye aliyenifulia nepi," alisema. Kisha akaenda kumkatia tiketi.

Wifi alifunga mzigo wake. Dobi alimpasia kitambaa cha kichwa, cheupe, ili wasiachane vibaya. Wifi alikifunua, akakitazama, akakirudisha juu ya meza. Alikuwa mtu wa vitendawili. Hata akianika nguo alikuwa akitega. Mlangoni alitega cha mwisho.

"Kitendawili."

"Tega," dobi alisema, maana hata waliogombana hutegeana.

"Nafua nyeupe, naanika nyeupe, nakunjiwa manjano."

"Sabuni."

"Siyo."

"Jua."

"Jua lingekuwa na tabia hiyo, mawingu yote tungeletewa sisi tuyafue. Nipe mji."

Dobi alimpa mji wa kwenye tiketi, ulio mwisho wa reli, wa mbali kuliko yote aliyoijua. Desturi ni kwamba anayepewa mji husema amekwenda huko, amekula na kunywa, kisha hutoa jibu papo hapo. Wifi alisema, "Nikifika nitakujibu." Akabeba mzigo, akaenda kweli.

Siku ya nne dobi alishikwa na homa ya kutetemeka, fundi akamkimbiza hospitali. Nesi alimlaza kwenye shuka nyeupe. Manjano yakatambaa kutoka mgongoni hadi kwenye pindo. Nesi aliandika kwenye faili: macho, ngozi, shuka. Alibadilisha shuka, nayo ikawa hivyohivyo, akaongeza: mbili.

Daktari alivuta kiti.

"Mama, wewe ni mtu wa maji, utanielewa. Ini linatengeneza nyongo ya kusagia mafuta. Nyingine inawekwa akiba kwenye mfuko wake, halafu inapita kwenye mrija kwenda utumboni. Mfuko wako umeota mawe, na mengine yameteleza yakaziba mrija. Bomba la uani likiziba, maji huenda wapi?"

"Yanarudi ndani."

"Basi. Nyongo imerudi kwenye damu, damu imeipeleka machoni na kwenye ngozi. Nafasi imeisha, sasa inatokea viganjani."

"Hiyo ya viganjani hutokea?" fundi aliuliza.

"Kwa wanaopasi," daktari alisema.

Fundi aliishika ncha ya shuka. "Hii ameifua nani?"

"Mashine," nesi alisema.

"Siyo dada yangu, basi."

Dobi aliingiza mikono chini ya blanketi.

Walimtundikia dripu ya dawa kwanza, maana homa ile ilikuwa ya uchafu uliokwama kwenye mrija, na ikiachwa huua. Kesho yake walimpa usingizi, wakampitishia mdomoni mpira mwembamba wenye kamera. Wakapanua kidogo mlango wa mrija, wakayavua mawe kwa kikapu cha waya kisichozidi ukucha. Yalikuwa matatu, kama dengu. Daktari alisema mfuko wenyewe utatolewa baadaye kwa matundu madogo, kwani ukibaki utaota mengine.

Dobi alirudi nyumbani, macho meupe. Mashati nayo yakatoka meupe.

"Kumbe alikuwa yule," mwalimu wa hesabu alisema, akilinusa shati lake. "Tangu umwondoe yule mwanamke wa beseni, kola zinang'aa."

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wa dobi. Lilikuwa neno moja, fupi kuliko sabuni. Fundi, aliyekuwa akijaza upepo pale nje, aliacha kupampu.

"Mengine yatakuwa tayari Alhamisi," dobi alisema.

Fundi akaendelea kupampu.

Jioni ile wifi alipiga simu. "Nimesikia uliugua. Pole, wifi yangu. Unakula vizuri?"

"Nakula."

"Mimi nilishafika. Nikupe jibu?"

Dobi alisikia treni ikipita upande wa pili wa simu, ndefu, mabehewa mengi. Aliingoja iishe.

"Usinipe," alisema. "Bado nafikiri."

"Haya. Fikiri taratibu."

Siku hizi dobi anafua mwenyewe na kupasi mwenyewe, na wateja wameongezeka. Kile kitambaa cha kichwa kinaning'inia kwenye msumari ukutani, nyuma ya mlango. Amekifua mara nyingi, lakini kiganja cha manjano hakitoki. Siku moja, nyumba ikiwa tupu, aliweka mkono wake juu ya alama hiyo. Ulienea sawasawa, kidole kwa kidole. Akakigeuza kitazame ukuta, akarudi kwenye kola.