Mifupa ya Sangara kwa Chai ya Evelina

Mimi ni mtu wa udongo. Miaka kumi na saba nilikuwa maabara ya kilimo, napima udongo wa watu, nawaambia weka hiki, punguza kile, na asiyesikia nilimgombeza. Mwaka tisini na nne serikali ikapunguza wafanyakazi, jina langu likawa la tatu kwenye orodha. Nikarudi nyumbani Mkolani na boksi la vitabu na hasira ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Wakati huo viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa ziwani kila kukicha, na wavuvi walitaka nyavu. Nyavu hutaka vipande vya risasi vya kuzizamisha. Nikaanza kukusanya betri chakavu za magari, nazipasua uani, nayeyusha risasi kwenye sufuria kuukuu. Maji ya betri nilimwaga palepale. Hatua nane kutoka hapo mke wangu Evelina alikuwa na michai kumi na minane, miche aliyoileta kutoka kwao Bukoba. Alichuma majani, akayafikicha kwa viganja, akayaanika kwenye ungo. Tulikunywa watatu: mimi, yeye na binti yetu Precious, wa miaka sita.

Mganga hajigangi. Mtu niliyekemea mashamba ya wilaya nzima sikuuona uwanja wangu mwenyewe. Nilipozinduka, nikampelekea udongo na majani Venant, mwenzangu aliyebaki maabara. Majibu yakaja: risasi ilikuwa tele udongoni, na kwenye majani ilizidi kiwango mara tatu. Nikaikunja karatasi, nikaificha ndani ya kitabu. Nilijiambia nitautibu udongo kwanza, niseme mambo yakiwa yamekwisha. Niliogopa, huo ndio ukweli.

Siku kumi na moja sikusema. Mimi nilisingizia tumbo, nikawa nakunywa uji. Siku ya kumi na mbili Evelina, aliyekuwa amechoka kuuliza habari za tumbo langu, aliikuta karatasi. Hakulia wala hakugomba. Alifunga mizigo, akamshika mtoto mkono, akasema, "Hapa kuna sumu, baba Precious. Sirudi." Nikalishika hilo la sumu, kwa kuwa ndilo ninalolijua. Udongo ukipona, nikasema, watarudi.

Baada ya mwezi Evelina aliandika mistari miwili kutoka kwao Bukoba: Precious amepimwa, hajambo. Niliisoma mpaka karatasi ikalegea.

Betri niliziacha. Nikauchimba udongo wa pale pa kuyeyushia, nikauzika mbali na kisima. Kwenye michai nikaweka chokaa, maana chokaa huizuia risasi isipande mizizini. Lakini chai hupenda udongo mchachu, na chokaa huuondoa uchachu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Haraka yangu iliua michai tisa. Nilikaa chini katikati yake nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Ndipo nikageukia mifupa. Mifupa ikichomwa na kusagwa huikamata risasi, ikaifanya ngumu kama jiwe, mzizi usiweze kuinyonya. Mifupa ya sangara kiwandani ilikuwa marundo. Nikawa naichoma uani, naitwanga kwenye kinu, nachanganya na samadi iliyooza, nafukia kuzunguka kila shina. Macho yangu yakawa mekundu kwa moshi. Na huku kwetu Usukumani, mzee mwenye macho mekundu anayeishi peke yake na kutwanga mifupa, unajua mwenyewe anavyoitwa.

Jirani yangu Nkwabi alisimama kwenye uzio asubuhi moja. "Shikamoo mzee Machibya. Watu wanauliza unatwanga nini."

"Marahaba. Mifupa ya sangara. Ni dawa ya udongo."

"Ya sangara," alisema, akitazama kinu.

"Njoo uone."

"Hapana, mzee, nimekuamini." Wiki hiyohiyo alihamisha njia yake, na hakuna mtoto aliyetumwa tena kwangu kuomba chumvi. Miaka miwili nilizungumza na michai. Upweke ni mbaya, na asiyeujua asiusifie.

Julai tisini na saba Venant alileta majibu: majani yalikuwa salama. Nikamwandikia Evelina siku hiyohiyo. Alikuja Agosti, peke yake.

"Karibu, mama Precious."

"Asante." Alizunguka mche mmoja mmoja kabla ya kukaa. Nikampa karatasi, akaisoma yote taratibu. Nikamimina chai, nikatangulia kunywa mimi. Yeye akanywa mpaka chini.

"Imepona," alisema. "Umefanya kazi."

"Basi mrudi."

Aliweka kikombe chini. "Wewe uliacha kunywa lini?"

"Siku ya majibu."

"Siku ileile?"

"Ileile."

"Na Precious nikawa nammiminia mbele yako, wewe unanitazama." Hakupandisha sauti. "Chai naiamini, baba Precious. Wewe bado."

Nilikuwa na maelezo ya risasi, ya chokaa, ya mifupa. Nikakusanya vikombe. Alikuwa amekwishakata tiketi ya meli ya jioni, akakataa nimsindikize.

Chai isipochumwa hukua ikawa mti. Kesho yake niliamka nikachuma, nikafikicha, nikaanika, na sikujua ninamwanikia nani.