Skrubu Nne kwa Kila Pambo

Asubuhi ya Jumanne, kabla abiria hawajapanda, Felismina alikuwa amepiga magoti ndani ya boti akifunga buli la bati kwenye nguzo ya tatu. Alilizungushia waya shingoni mara nne, akaukaza kwa koleo, kisha akapiga skrubu mbili kwenye kitako. Buli lenyewe halikuwa la chai. Lilichorwa mawaridi mekundu, na kazi yake ilikuwa kupendeza tu.

Boti ilikuwa ndefu na nyembamba, ya watu wawili wawili kila benchi, nayo ilivusha abiria kwenye mdomo wa Ruvuma, kwenda Msumbiji na kurudi. Boti za kuvusha zilikuwa nyingi, na abiria hupanda inayowavutia macho. Kwa hiyo mwenye boti, Bwana Isihaka wa mtaa wa Shangani, aliisheheneza mapazia ya lesi, vioo, sahani za maua na kengele ya shaba. Tajiri huyo alipenda vitu, tena vikiwa vipya. Nyumbani kwake makochi yalikuwa yangali ndani ya nailoni za dukani mwaka wa sita huu, na mgeni wa siku ya joto alikuwa akinyanyuka na kochi lake.

Felismina aliajiriwa kuhakikisha mapambo hayaendi majini, na kila siku yalikwenda. Boti ikifika katikati, penye kina, pambo moja lilijifungua. Haikuwa mawimbi, maana asubuhi maji ya pale hutulia tuli. Waya ulijikunjua, skrubu zikazunguka zikatoka, zikajipanga juu ya benchi, kisha pambo likavuka ukingo na kuzama. Abiria walisogeza miguu kulipisha.

"Leo zamu ya nini?" aliuliza Mauricio, nahodha, bila kugeuka.

"Sahani."

"Ile ya jogoo?"

"Hiyo hiyo."

"Nilikuwa naipenda," Mauricio alisema, akaongeza moto kwenye mashine.

Waliokuwa wakichukua walijulikana. Mwaka juzi, mahali pale pale, boti ya kwanza ya Isihaka ilipinduka, na watu kumi na mmoja hawakuonekana tena. Mmoja wao alikuwa Celia, binti pekee wa Felismina, aliyekuwa akienda ng'ambo kumwona bibi yake. Majaketi ya kuokolea yalikuwepo, kumi na mawili, mapya kabisa. Yalikuwa stoo Magomeni, ndani ya nailoni zake, yasichakae. Siku ya mkaguzi yalitolewa, yakapangwa kwenye mabenchi, yakasifiwa, yakarudishwa stoo. Tangu ajali ile yalikuwa yamesifiwa mara tatu.

Kazi hii Felismina aliiomba mwenyewe. Mapambo hayakumhusu. Alitaka kupita juu ya mwanawe kila siku, basi, kwa sababu uchungu ulikuwa haujapungua hata chembe na nyumbani hakukukalika.

Jumanne hiyo, wakati wa kurudi, skrubu za kioo cha nguzo ya pili zilianza kuzunguka. Mkono ukatoka majini, ukashika fremu. Ulikuwa na kovu la pasi karibu na kiwiko, na kovu hilo Felismina alilipaka dawa mwenyewe. Akaudaka.

"Shikamoo, mama," Celia alisema. Maji yalimfika kidevuni.

"Marahaba, mwanangu. Haya mavyombo mnayafanyia nini huko?"

"Tunatafuta kinachoelea. Vyote vinazama. Buli la juzi tuliona lina hewa ndani, nalo wapi."

"Na wenzio?"

"Tupo wote. Tumechoka, mama. Chini hakuna pa kukaa."

Mkono uliteleza kama sabuni, ukaenda na kioo.

Jioni Felismina alikwenda Shangani. Mara mbili huko nyuma alikuwa amemwomba tajiri majaketi yaletwe botini, na mara zote Isihaka alimjibu kwa upole kwamba abiria wana jasho. Safari hii hakuomba.

"Tajiri, yale majaketi rangi yake nzuri sana. Yakitundikwa juu, chini ya turubai, hakuna boti itakayotufikia."

Isihaka alifumba macho. Akaona rangi ya machungwa ikiwaka pande zote mbili, akaipenda.

"Na yakienda majini, Mama Celia?"

"Nitayafunga."

"Skrubu nne kila moja. Na nailoni usitoe."

Kesho yake aliyatundika yote, na skrubu akazikaza nusu. Boti ilipofika katikati, majaketi kumi na moja yalishuka, moja baada ya jingine. Nailoni zilibaki kwenye benchi, zimekunjwa. Kisha watu kumi na mmoja wakaibuka wamevaa, wakaelea. Mmoja wao, Rashidi mfanyabiashara wa kuku, aliuliza kama kuku wake walipatikana siku ile, akaambiwa walifika ng'ambo salama. Akashukuru. Walijaribu kwenda nchi kavu ikashindikana. Maji yaliwarudisha pale pale. Lakini walau walikaa juani. Celia alishika ukingo wa boti, na mama yake akamchana nywele hadi Mauricio alipoomba radhi kwamba abiria wanachelewa.

Habari zikafika hadi Mtawanya. Watu wakawa wanaziacha boti nyingine ili wapite kusalimia. Mabenchi ya watu ishirini yakabeba thelathini, wengine wakakaa ukingoni, maji yakibaki kiganja kimoja kuingia ndani.

Ijumaa Isihaka alikuja kujionea. Aliwatazama wale kumi na mmoja kwa muda mrefu, na ilionekana wazi kwamba ameumia.

"Yameshalowa," alisema.

Alileta mengine kumi na moja, mapya. Felismina alimshika mkono wa kanzu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Tajiri, nakuomba. Haya tuwavalishe abiria. Mwanangu yule pale, unamwona."

"Namwona, masikini. Lakini yakivaliwa, boti itabaki tupu."

Akayafunga mwenyewe, yote kumi na mawili pamoja na lile lililobaki, skrubu nne kila moja. Alipomaliza akavua saa, akachukua tupa, akavisaga vichwa vya skrubu vyote mpaka vikawa laini, bisibisi isipate pa kushika. Akavuta kila jaketi kwa mikono miwili. Hakuna lililosogea. Mapambo hayakwenda majini tena tangu siku hiyo, na Isihaka alimsifu Felismina mbele ya watu.

Jumamosi upepo ulianza mapema. Boti iliondoka na watu thelathini na wanne, na majaketi yakawaka vizuri juu ya vichwa vyao. Felismina alikuwa amesimama kwenye benchi akihangaika na bisibisi, nayo ikawa inateleza. Katikati Celia alishika ukingo, akachungulia ndani.

"Mama, hawa wa leo wamevaa?"

Felismina alitazama mabenchi. Kulikuwa na mwanamke aliyempakata mtoto usingizini, chini kabisa ya jaketi la nne.

"Hawajavaa."

Celia aliwageukia wenzake. "Jamani, tusogee kidogo."

Wakasogea, wakabanana upande mmoja. Rashidi alihesabu vichwa vya abiria kwa kidole, akasema nafasi bado haitoshi, wakasogea tena. Palibaki eneo la maji matupu, pana, na Mauricio akapitisha boti katikati yake polepole.