Uyoga Asioula Uwineza

Muuguzi Josiane alimpandisha Mukansanga kwenye mizani mara ya pili, akidhani mizani imekosea. Haikukosea. Mwanamke alikuwa amekonda tena na tumbo lilimwendesha, ingawa alikula maharage na ugali wa muhogo kama watu wote. Tangu arudi Rwanda, nchi ya wazazi wake, kutoka Kongo akapata kiwanja hapa Bweyeye, kando ya msitu, mwili wake haukushika chakula.

Sababu yenyewe kijiji kizima kiliijua. Alichokula Mukansanga kilimshibisha binti yake Uwineza, aliyekufa kwa njaa msituni mwaka wa 1996, walipokimbia vita Bukavu. Mtoto alikuja kila adhuhuri, akaketi mkekani kando ya mama yake, asiguse sahani. Mama alitafuna, mtoto akanenepa. Majirani walimsalimu, wakamuuliza habari za huko, wakaenda zao mashambani.

Josiane alimshauri ale uyoga. Alimweleza kwamba nyuzinyuzi zake hulisha vijidudu vyema vya utumbo, tena huzuia sukari isipande kwa kasi damuni. Mvua zilikuwa zimeanza. Mukansanga akaenda kuchuma na jirani yake Mukengere, mzaliwa wa hapo aliyezijua aina zote, akaupika kwa unga wa karanga.

Chakula kikabaki mwilini. Tumbo likatulia, mashavu yakarudi, akawa anapanda kilima bila kupumzika. Alifurahi, na kwa nini asifurahi? Lakini Uwineza alianza kukonda.

Mukansanga alijua kwa nini, na moyo ulimchoma. Kule msituni walipita katikati ya uyoga. Yeye alikuwa mtu wa mjini, amelelewa Bukavu, ambako uyoga hununuliwa sokoni kwa watu wanaoujua. Akamkataza mtoto asiguse hata mmoja, akamwambia ni sumu. Sasa, akichuma nyuma ya Mukengere, aliutambua ule ule: kofia nyeupe, bua refu. Ulikuwa unalika. Wahenga husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huyu hakukua, ila malezi alibaki nayo: uyoga alioula mama haukumfikia, kwa kuwa alikatazwa.

Adhuhuri moja aliweka sahani ya uyoga mbele ya binti yake, akaonja mwenyewe kwanza.

"Kula, mwana wangu. Hii haiuake muntu. Nilikosea."

"Ulinikatazaka, Maman," Uwineza alisema, akaficha mikono nyuma kama mtoto mwenye adabu.

"Sasa nakuruhusu."

"Kule nilikuwa na njaa, nikakutii. Sasa nitakula juu ya sababu gani?"

Mukansanga alilia pale pale mkekani, na mtoto akamngojea amalize.

Kesho yake Mukengere alipita na kikapu, akasema uyoga umechipua tele. Mukansanga alimshukuru, akamwambia aende tu. Mukengere akamwonya kwamba atakonda tena. Akajibu kwamba anajua.

Kisha akaepua maharage. Sahani ya kwanza aliimaliza vizuri. Ya pili aliila taratibu, tumbo likimsokota, jasho likimtoka, huku akiyatazama mashavu ya binti yake yakijaa. Alipomuuliza kama ameshiba, Uwineza akasema bado kidogo.

Mama akapakua tena.