Vitufe Vyote Vyekundu

Haya aliniambia Gacheri mwenyewe, mwaka wa tisini na nane, tukichambua maharagwe meusi ya njahi nyuma ya kanisa kwa ajili ya harusi ya watu wengine. Alikuwa akicheka, lakini siku yenyewe, anasema, hakucheka hata kidogo.

Mumewe, Mithika, alikuwa mtu wa miraa huko juu ya mji wa Maua. Kwa ajili ya biashara alivutiwa waya wa simu mpaka nyumbani, kisha akanunua simu Nairobi, nyeusi, nzuri, yenye vitufe vinane vilivyojipanga kando ya zile namba za kawaida. Mkwe wao Antony, aliyekaa Embu mtaa wa Majimbo na binti yao Kajuju, ndiye aliyekuja kuiwekea namba.

"Mama, hakuna tena kupiga namba moja moja," Antony alimwambia. "Ukibonyeza hiki, kinaita Islii, kule Nairobi, kwa mnunuzi wa miraa. Hiki, kwangu kazini. Hiki, kanisani."

Gacheri akaitikia ndiyo, ndiyo. Mkwe alipopanda gari kurudi kwake, vile vitufe vilikuwa sura moja vyote, kama wana wa mbuzi mmoja.

Halafu Kajuju akaja kungojea mtoto wake wa kwanza kwa mamake. Ikakubaliwa kwamba uchungu ukianza, aitwe dereva Bundi awapeleke hospitali. Bundi alikuwa na pikapu ya miraa na mchana alishinda kwenye kituo cha petroli mjini, palipokuwa na simu. Gacheri akaogopa. Siku yenyewe atajuaje kitufe cha Bundi? Akajaribu kimoja kimoja mpaka Bundi akaitika, kisha akachukua rangi ya kucha ya Kajuju, nyekundu kabisa, akapaka kile kimoja. Akasimama mlangoni akakitazama. Kilionekana kama pilipili juu ya makaa. Siku hiyo alilala vizuri.

Amani hiyo haikukaa. Mithika aliingia, akavua kofia, akaona.

"Ati Bundi? Bundi ndiye mkubwa wa hii nyumba? Islii ndiyo inakununulia sukari, na haina hata alama!"

Akashika brashi mwenyewe, akapaka cha Islii.

Muthamia, mzee wa kanisa, alipokuja kunywa chai aliitazama simu mpaka chai ikapoa. "Kumbe kanisa ni la mwisho hapa, Mama Kajuju," akasema, huku anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Gacheri akaona aibu, akapaka cha kanisa. Kajuju naye akanuna: "Na baba ya mtoto je?" Kikapakwa cha Antony. Shangazi akadai chake, na wengine wawili vyao. Kila kilipoongezwa kingine, Gacheri alirudia cha Bundi, akakipaka tena juu ya rangi ya kwanza, ili kiwe chekundu kushinda vyote. Hakikuwa. Nyekundu ni nyekundu. Mwishowe kilibaki kimoja cheusi, cha daktari wa ng'ombe, nacho wakakipaka kwa sababu kilionekana kama jino bovu.

Wageni waliisifu simu ile. Ilikuwa imechangamka kweli.

Ikafika siku moja ya mvua, mchana. Kajuju alikuwa akimenya viazi. Akasimama, akashika fremu ya mlango.

"Mama."

Akasema hilo tu. Maji yalikuwa yameshamwagika sakafuni. Mithika hayuko, yuko shambani kwa wachumaji. Barabara ni tope tupu, kutembea haiwezekani. Gacheri akakimbilia simu, na vile vitufe vikamkodolea macho vyote vinane. Akajaribu kukumbuka. Ni cha tatu kutoka juu? Au kutoka chini? Zamani hakuhitaji kukumbuka, jicho lilikuwa linaenda lenyewe. Sasa jicho lilitua hapa, likaruka pale, likakosa pa kukaa.

Akabonyeza kimoja.

"Haloo! Leo miraa ya kangeta ni mabunda mangapi?" Sauti ya Islii.

"Hapana! Mtoto anakuja!"

"Sawa, aje nayo. Anakuja na gari ya nani?"

Akakata. Akabonyeza kingine.

"Bwana asifiwe," akajibu Muthamia, polepole.

"Asifiwe, mzee, lakini si wewe namtaka."

"Si mimi? Sasa kwa nini umeniita?"

Kajuju akalia kutoka chumbani: "Mama, umempata?"

"Nawapata wote isipokuwa yeye!"

Akabonyeza tena, hata hajui ni kipi. "Mama, huyo mtoto ameshatoka na mzigo?" akauliza mtu wa Islii.

Gacheri akaweka simu chini. Macho yalimjaa machozi, na ule wekundu wote ukayeyuka ukawa doa moja kubwa. Akaacha kuangalia. Akapitisha kidole gumba juu ya vitufe, vile anavyopapasa miraa gizani kujua laini na ngumu. Laini, laini, laini. Halafu kimoja kikamkwaruza, kimevimba kama kupe aliyeshiba. Ile rangi aliyoirudia na kuirudia.

"Bundi hapa."

"Bundi, washa gari! Kajuju!"

Bundi alikuja na minyororo kwenye magurudumu, wakafika hospitali kwa kuteleza. Kabla mvua haijakatika, Kajuju alikuwa amejifungua msichana, na akaitwa Wambura, jina la mama yake Antony.

Waliporudi nyumbani na mtoto, Gacheri hakungoja hata chai. Alichukua wembe akaanza kukwangua.

"Unaharibu simu yangu," Mithika akasema.

"Baba Kajuju, bunda lako ni la rangi gani?"

"Wewe! La majani ya mgomba, si unajua."

"Na kile kitambaa chekundu unachofunga?"

"Ni kidogo tu, pale kwa kamba. Ndiyo Islii walijue katika lundo."

"Mbona usilifunike lote na kitambaa?"

"Nani sasa atali..." Mithika akaangalia simu, akaangalia kofia yake.

Walikwangua mpaka simu ikarudia weusi wake, isipokuwa cha Bundi. Vya biashara wakavitia kijani kidogo, rangi iliyobaki ya mlango. Nyekundu wakasema iwe ya kimoja tu. Lakini kipi?

"Cha baba ya mtoto," akasema Kajuju kutoka kitandani. "Mtoto ameshazaliwa. Bundi wa nini tena?"

Hapo Gacheri akachanganyikiwa upya, kwa maana neno hilo lilikuwa na ukweli. Akaanza kukwangua cha Bundi. Hakikukubali. Ile rangi ilikuwa imeshikamana kama ukoko wa uji.

"Basi kibaki," akasema. "Antony nitamtafuta taratibu, nikiwa nimekaa. Bundi ndiye wa kutafutwa na mtu anayelia."

 Kajuju alikuwa ameshalala, na Wambura kifuani mwake. Mithika alikoroma kwenye kiti, kofia usoni. Gacheri akakitazama kile kitone chekundu kutoka mlangoni, kisha kutoka kwenye stuli karibu na moto, akijiuliza kama amefanya sawa, mpaka wembe ukamteleza mkononi na kichwa kikaegemea ukuta.